Siku Mtaa Mzima Ulipovuka Barabara

Rukiya Khalif alikuwa na kazi mbili pale Erdington, Uingereza: kuvusha watoto wa shule barabarani, na kujua mambo ya watu. Ya kwanza aliajiriwa. Ya pili aliifanya kwa moyo.

Alizaliwa Garissa, akakulia Eastleigh, akaolewa Uholanzi na kufiwa na mume hukohuko, kisha akahamia Erdington. Sasa ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne kwenye kona ileile, koti la manjano likimfika magotini, mkononi fimbo ndefu yenye kibao cha duara cha kusimamishia magari. Alipofika, mtaa ulikuwa wa wazee wa Kiingereza na paka wao. Wazee wakaondoka mmoja mmoja, nyumba zikakatwakatwa vyumba, mapazia yakabadilika. Rukiya alijua nani kahama, nani kahamia, na nani ana mimba kabla mume hajaambiwa.

Ndipo ikaja barua. Ofisi ya barabara ingemtuma mtu Alhamisi kuhesabu wanaovuka. Wakiwa wachache, kituo chake cha kuvushia kingefungwa.

"Acha ahesabu," Rukiya alimwambia jirani yake Charity, muuguzi Mkenya. "Tutampa cha kuhesabu."

"Mama Nimo, hiyo si ni kudanganya?"

"Kudanganya ni kusema. Mimi nitasema nini? Watu watavuka tu. Kuvuka barabara imekuwa dhambi lini?"

Charity, ambaye Jumapili hufundisha watoto amri kumi, alifikiri kidogo, kisha akauliza avuke saa ngapi.

Goretti wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya, hakuhitaji kubembelezwa. "Niko nakuya na bamama ba kanisa," alisema. "Tuko munane."

Rikesh, mwenye duka la kona, aliahidi kuvuka akimtafuta paka wake, ingawa hakuwa na paka. Fiona, bibi wa miaka themanini na mmoja, Mwingereza wa mwisho katika wale wa zamani, hakuombwa. Alipopata habari alikuja mwenyewe, amenuna.

"Unadhani siwezi kuvuka barabara?" alimwuliza Rukiya. "Nilianza kuivuka hii hujazaliwa."

Watoto tu ndio aliowakataza Rukiya. Wao wavuke mara moja, waende darasani. Utundu ule ulikuwa wa watu wazima.

Alhamisi ikaamkia manyunyu. Akaja kijana mpole aitwaye Oliver, na kiti cha kukunja na kidude cha kubofya. Akina mama wa kwaya wakavuka kwenda, wakavuka kurudi, waimbaji wa sauti ya pili wakilalamikia viatu. Charity akavuka na sare ya kazi, akarudi na koti, akavuka tena na mwavuli. Fiona alivuka amekumbatia kabichi. Safari ya tisa Oliver alinyanyuka kumsaidia.

"Naenda kuibadilisha," bibi alimweleza. "Imeoza."

"Mara tisa?"

"Duka lenyewe bovu," alisema Fiona, na Rikesh amesimama palepale akimwita paka.

Rukiya aliuma mdomo, akakaza macho kwenye magari.

Kengele ya shule ilipolia, Oliver alikunja kiti, akamfuata Rukiya. "Mtaa wako una shughuli."

"Watu wanahangaika na maisha, mwanangu."

"Naona. Ila mimi nahesabu watoto tu. Watu wazima hawamo."

Rukiya alishusha fimbo. Aliwatazama akina mama wanane waliolowa chapachapa. "Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Halafu nilitaka kujua ile kabichi itaishia wapi."

Akamwonyesha kile kidude. Watoto mia na kumi na wawili. Hesabu ya mwisho, miaka tisa nyuma, ilikuwa thelathini na mmoja. Karatasi za ofisi bado zilisema kwamba mtaa ule ni wa wastaafu, na Oliver alikuja akidhani ni kazi ya kufunga tu.

Rukiya alirudia namba ile kimoyomoyo. Yeye aliyejua kila mlango hakujua hilo. Watoto walikuwa wameongezeka mmoja hapa, wawili pale, na yeye kazi yake ilikuwa kunyoosha fimbo, wapite, wafike.

Jioni Fiona alivimba miguu. Charity alikwenda kumkanda. Walikuwa wamepakana ukuta miaka mitatu bila kupeana hata salamu, na siku ile chai ilirudiwa mara tatu.

Baada ya wiki tatu jibu likaja: kituo kinabaki, tena kwa wingi ule wa watoto Rukiya ataongezewa mwenzake. Hilo la mwenzake lilimkera kuliko barua ya kwanza. Akaletwa Barnabas, mzee wa Kisii aliyestaafu ulinzi wa stoo, mtu wa kufuata kanuni, ambaye alitaka kujua asimame wapi. Rukiya alimkaribisha kwa heshima zote, akamwonyesha upande ambao mabasi hurusha maji.