Ng'ombe wa Mama Wamo Kwenye Simu

Jamani, juzi nilirudi kijijini kwetu Kansay, na hadi leo moyo haujatulia. Nilikwenda kumchukua mama nikaishi naye Arusha, maana tangu baba afariki nilijua yuko peke yake. Nikamkuta kibarazani, simu mkononi, anafoka: "Fungeni zizi, simba huyo!" Zizi lenyewe tupu, ng'ombe tuliuza zamani. Nusura nidondoshe mkoba. Mama huyu huyu aliyekuwa akitukaripia kwa michezo!

Sisi tulipokuwa wadogo, mahindi yakishapukuchuliwa, magunzi ndiyo yalikuwa ng'ombe wetu. Tulichora kijiji kizima kwa kijiti kwenye vumbi jekundu la uani: mtoto wa jirani mwenyekiti, kaka mwizi wa mifugo, mimi mama mwenye boma. Mvua na ukame viliamuliwa na kifuniko cha soda. Tunakirusha, kikilala chali, mvua, kikilala kifudifudi, ng'ombe wanakufa, na tunalia machozi ya kweli. Mama alikuwa akipita anatukaripia, "Hamna kazi? Njooni mpepete maharage." Siku moja alizoa kundi letu lote akachochea nalo moto jikoni, makande yaive. Ng'ombe arobaini, ndugu yangu! Tuligoma kula.

Leo uani pamepigwa sementi, huwezi kuchora hata zizi. Mchezo umehamia kwenye simu, na aliyemwekea ni mjukuu wake, wakati wa likizo. Watu wasiojuana, mmoja yuko kijiji cha Digodigo, mwingine sijui nchi gani, wanakutana humo kila mmoja na jina la kubuni na kazi yake, wanaongea kwa sauti. Mama ndiye mwenye boma. Anagawa malisho, anasuluhisha ugomvi, anacheka mpaka anafuta machozi.

Nikamwambia, "Mama, funga mizigo twende. Huku una upweke."

"Ngoja kwanza."

Sauti ya msichana ikatoka kwenye simu: "Shikamoo, mama. Umekula? Na mguu je?"

Mguu? Mimi sikujua kama anaumwa mguu.

Mama akaniinulia kiganja ninyamaze. "Marahaba, mwanangu. Leo una nafuu."

Nikamuuliza huyo ni nani.

"Ndiye binti yangu humu," akasema, bila ubaya wowote. "Hajakosa hata jioni moja."

Nafasi ile ilikuwa yangu, jamani, na sikumbuki ni lini niliiacha wazi.