Jezi Iliyokwenda Posa

Simpendi mjomba wangu, na sitaki mtu anibembeleze nimpende. Ndiye aliyekwenda mtaa wa Fittja kumposea mdogo wangu akiwa amebeba jezi ya hoki kwenye mfuko wa plastiki.

Kule Amerika na Kanada, kila kiangazi klabu za ligi kubwa ya hoki ya barafu huchagua vijana kwa zamu. Anayeitwa mapema ndiye anayetarajiwa kuwa nyota. Mdogo wangu, aliyejifunza kuteleza barafuni hapa kwetu Rågsved, Uswidi, kwa viatu vya kuazima, aliitwa mapema sana. Akapandishwa jukwaani, akavishwa jezi, na sisi tukapiga vigelegele mbele ya televisheni mpaka jirani Mswidi akaja kugonga mlango. Kanisani wakafanya ibada ya shukrani. Hakuwa amecheza hata mechi moja.

Alizocheza baadaye zilikuwa chache. Wakasema ana miguu mizito, wakampeleka timu ya chini, goti likaharibika, wakamwacha. Sasa anaendesha forklift, lile gari la kuinulia mizigo, kwenye ghala huko Jordbro, na kazi anaiweza. Lakini kila kiangazi, siku za kuchagua vijana zikikaribia, waandishi wa michezo humfufua ili wamcheke upya: chaguo bovu, nafasi iliyopotea. Damu inanichemka. Yeye hakujichagua! Walimchagua watu wazima wenye suti, na watu hao kazi zao bado wanazo.

Watu wetu wenyewe wa huku ugenini ni wabaya zaidi. Kwenye harusi humwita meza kuu, humpiga picha, kisha akiwapa kisogo wanamteta na sahani za wali mikononi. Mjomba ndiye huwaita wapiga picha.

Kwa hiyo mdogo wangu alipompata binti wa Wakongo wa Fittja, aliomba jambo moja tu: hoki isitajwe. Alitaka hapa mjini iwepo nyumba moja ambamo atakaa na kula bila kuwa yule aliyeshindwa. Siku ya posa mwoaji hasemi kitu. Mshenga ndiye mdomo wake, na mshenga alikuwa mjomba. Alituapia mbele ya mama kwamba hatathubutu.

Tulivua viatu vilivyojaa tope la theluji, tukakaa, tukapewa soda. Mjomba akasimama, akakohoa, akautoa ule mfuko. Kumbe alikuwa ameichukua jezi kabatini kwa mama. Akaikunjua, akamtandikia mdogo wangu magotini kama kitambaa cha meza.

"Wazee wangu," akasema, "hatukuwaletea kijana hivi hivi. Huyu Amerika nzima walimgombania! Hapa anapumzika kidogo tu, goti likipona anarudi."

Goti lilipona zamani. Mdogo wangu aliniinamia, akaninong'oneza kwa Kiswidi nimwambie aache. Nilimvuta mjomba koti. Akanipiga kofi dogo mkononi, mbele za watu, akaendelea. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kwao, kama kwetu, mahari haiguswi mpaka binti aitwe na kuulizwa kama anawajua wageni. Kwa kawaida ni mzaha tu. Anasema ndiyo, akina mama wanapiga vigelegele, watu wanakula. Akisema hapana, wageni wanavaa viatu vyao na kuondoka.

Binti akatoka chumbani, amevaa kitenge cha kijani. Baba yake akamwita mama, kama Wakongo wanavyowaita binti zao, akamwonyesha upande wetu. "Maman, kuya hapa. Mshenga wao anasema wametuletea mchezaji mukubwa wa Amerika. Unamujua?"

Aliitazama ile jezi kwa muda mrefu. Hakutabasamu.

"Hapana, Papa. Huyo simujui."

Mjomba akacheka peke yake, akasema vijana wa Ulaya wanapenda utani. Hakuna aliyemuunga mkono. Shangazi wa binti alikuwa ameshaanza kukusanya chupa za soda, na mimi nikatafuta mkoba wangu.

Ndipo mdogo wangu akasimama, jambo ambalo mwoaji hafanyi. Jezi ikaanguka kwenye zulia, naye hakuiokota.

"Baba, mama, naomba radhi," akasema. "Amerika walinichukua, nikashindwa, wakaniacha. Sirudi tena. Mimi ni dereva wa forklift, Jordbro. Sina kingine cha kujisifia."

Mzee alimtazama, kisha akamgeukia binti yake.

"Na huyu?"

"Huyu ninamujua," akasema binti. "Ni huyu nilikuwa ninamungojea."

Mama yangu akalia kwa sauti. Akina mama wa Fittja wakapiga vigelegele, sahani zikaanza kutoka jikoni. Mjomba akainama, akaiokota jezi, akaikung'uta, akairudisha kwenye ule mfuko wa plastiki taratibu. Kisha akawaambia waliokaa karibu naye kwamba yote hayo walikuwa wameyapanga pamoja, yeye na kijana.