Firigisi ya Namba Wani

Kwa Mulinge, nje kidogo ya mji wa Mwingi, firigisi ya kuku ilikuwa ya mwenye boma. Hata mke wake, mwenye amepika hapo miaka ishirini, hajawahi kuionja. Lakini siku ya kufunga shule mzee alikuwa anasoma ripoti za watoto kwa sauti, halafu kuku ikiiva anatoa firigisi kwa sahani yake anaweka kwa ya yule amepita vizuri. Mihula mitano mfululizo, hiyo sahani ilikuwa ya kijana wake Kimeu.

Mbithe ni dada yake mkubwa. Walikuwa darasa moja, Gredi ya Nane, kwa sababu Mbithe alirudishwa mwaka. Sasa niambie, nani alikuwa ananyonyoa hiyo kuku? Mbithe. Nani anapasua firigisi, anaosha, anamenya ile ngozi ya njano ya ndani? Mbithe. Ilimuuma, wacha mchezo. Kimeu alikuwa anatafuna polepole amefunga macho kama pastor anaombea sadaka, na kila akitafuna, Mbithe anaskia ni yeye yuko kwa meno.

Na kwa kila firigisi alikuwa anatoa vijiwe. Aliziweka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Akamuuliza ticha wa sayansi kuku anataka mawe ya nini. Ticha akasema hiyo haiko kwa mtihani, kaa chini. Akamuuliza Kimeu.

"Si wewe ndio namba wani? Niambie."

"Haikuulizwa," Kimeu akasema. "Ndio maana uko na BE, alama ya mwisho kabisa, unasoma matumbo."

Basi Mbithe akaloweka mahindi, akatia kwa mkebe na vile vijiwe, akatikisa mpaka mkono ukakufa. Akifungua, mahindi imepasuka imekuwa kama uji. Akacheka peke yake. Kuku hana meno! Mawe ndio meno! Lakini angeambia nani?

Muhula wa pili ukaisha. Mzee akaketi kwa kiti yake, akavaa miwani.

"Kimeu. EE, EE, EE, zote za juu kabisa. Huyu ni mtoto." Akageuza karatasi. "Mbithe. Sayansi, BE. Ticha ameandika, 'Maswali mengi, alama kidogo.' Kwani unaenda shule kuhoji watu kama polisi?"

Kimeu akacheka na pua. Mbithe akaenda jikoni macho imejaa.

Akapasua firigisi. Ndani kulikuwa na vijiwe kama kawaida, na vitu za kijani zimesagwa nusu. Akaziangalia vizuri. Halafu akaskia Kimeu huko nje anarudia, "EE, EE," kama mbuzi, na hasira ikampanda mpaka masikio. Hakuosha. Hakumenya. Alifunga hiyo firigisi na uzi na mawe yake yote ndani, akatupa kwa sufuria.

Mezani, mzee akaomba, akaitoa kwa sahani yake, akampa Kimeu. Kimeu akafunga macho, akauma.

Kraak!

"Aiya! Jino yangu!"

"Mbithe!" Mzee alisimama mpaka kiti ikaanguka. "Umewekea ndugu yako mawe?"

"Mi sikuweka. Kuku ndio aliweka."

"Hakuna kuku anakula mawe!" Kimeu akapiga kelele, ameshika shavu.

"Muulize namba wani basi, kuku anatafuna na nini?" Mbithe alikimbia akaleta mkebe, akamwaga mezani. "Mihula mitano naosha hii kitu, Baba! Mihula mitano! Anakula yeye, na hajui hata iko na nini ndani!"

Mama yao akasema pole pole, "Mbithe, heshima."

Lakini mzee hakuwa anaskia tena. Alikuwa ameinamia sahani ya Kimeu, anachokora na kidole.

"Hii ya kijani?"

"Ni ndengu. Ya ghala."

Mzee akainua kichwa. Mwezi mzima gunia yake ya ndengu ilikuwa inapungua, na alikuwa anasema ni panya. Hata alienda dukani kwa Arbaco akaomba paka, akawa anampea maziwa kila asubuhi. Alitoka nje. Walimskia huko nyuma akivuta mabati ya ghala, halafu, "Kumbe!" Ukuta ulikuwa na shimo chini, na manyoya ya kuku.

Akarudi na vumbi kwa magoti. Akampea Mbithe ile firigisi. "Osha."

Mbithe aliosha haraka, akijua leo ni yake. Akairudisha inang'aa. Mzee akaichukua, akairudisha kwa sahani ya Kimeu. "Ripoti ni ripoti," akasema. Mbithe aliona ni kama amechapwa kofi.

Asubuhi akiwa anafagia bila nguvu, akaskia mzee anaita kutoka kwa zizi. Mbuzi mmoja alikuwa amevimba tumbo.

"Mimi nakuja, Baba!" Kimeu akaruka.

"Wewe kaa. Nimeita Mbithe. Kuja uniangalilie hii, uniambie unaona nini."

Mbithe akatupa ufagio. Akipita mlangoni alimwona Kimeu amesimama hapo, ulimi bado unapapasa lile jino, anawaangalia. Hiyo macho Mbithe aliijua vizuri. Amekuwa nayo mihula mitano.

Hakumcheka. Lakini pia hakumwambia kuja.