Shangazi Spana na kioo kilichogomea mlango

Saa mbili asubuhi, miguu miwili imetokeza nje ya gari lisilo na magurudumu. Mwenye miguu yuko chini ya dashibodi, anafungua swichi ya taa huku akiigombeza: "Toka basi, mbona wanipa kazi!"

Swichi inatoka. Naye anatoka, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, uso vumbi tupu, anacheka. Mafundi wa mtaa mzima humwita Shangazi Spana.

Kazi yake ni kuuza mabaki. Gari bovu likishachinjwa liuzwe vipande vipande, wanunuzi wakubwa huondoka na injini na giaboksi. Yeye hununua kinachobaki: vitasa, vioo, taa, mota za madirisha.

"Wenzangu wanagombania minofu, mimi nachukua makombo," anasema. "Lakini makombo hayo yamesomesha watoto watatu. Mkubwa ni muuguzi. Muuguzi, umesikia? Andika hapo."

Tumeandika.

Alianza akiwa mfagiaji wa gereji. Kila jioni alitupa vitu vizima pipani, roho ikimuuma, hadi alipomwomba mwenye gereji amwachie. Miaka kumi na moja imepita, na mabaki ya magari sitini na mawili yameshapita mikononi mwake.

Anachokiogopa ni kuitwa mwizi. Vioo vya magari huibwa kila kukicha, na aliyeibiwa akikiona kimoja kwa muuza mabaki, moyo humwambia ndicho chake. Kwa hiyo kila kipande hukiandika kwa rangi nyeupe namba ya gari kilikotoka, na hati za mauziano hukaa kwenye mkoba ambao haubanduki begani.

"Jina langu likichafuka, nimekwisha. Nani atarudi kununua kwangu?"

Kabla hajamaliza kunawa, mwanamume mwenye suti anaingia kwa kishindo na kunyakua kioo cha pembeni kilichotundikwa msumarini, kichwa chini.

"Hiki changu! Kimeibwa juzi! Wezi wakubwa nyie!"

Mafundi wanasogea. Sauti ya Shangazi Spana imetulia.

"Kaka yangu, umeibiwa cha upande gani?"

"Cha kulia!"

"Kulia kwa dereva?"

"Kwani kuna kulia ngapi?"

"Haya, twende kwenye gari lako tukakipachike."

Wanaongozana hadi barabarani, kundi zima nyuma yao. Shangazi anakigeuza kioo, juu kikawa juu, anakishikiza kwenye pengo la mlango wa kulia. Kinatazama mbele, kikimpa mgongo dereva. Watu wanaangua kicheko. Kioo ni cha kushoto, na cha kushoto cha bwana huyu kipo mahali pake, kizima kabisa.

Shangazi anafungua mkoba, anamwonyesha namba na hati. Jamaa anajikuna kisogo. "Nisamehe, Shangazi. Hasira tu," ananong'ona.

"Hasira naielewa. Ila umeniita mwizi kwa sauti. Na radhi iombe kwa sauti."

Anaiomba, hadi wa ng'ambo ya barabara wanasikia. Shangazi Spana anajipangusa macho kwa kiwiko, anasema ni vumbi.

Mwezi ujao anahamia kwenye chumba cha duka, chenye mlango na kufuli. Jioni ya leo amemwita mchoraji wa vibao na kumpa maneno ya kuandika juu ya mlango: UMEIBIWA? INGIA UKAGUE.

"Muuza vya wizi aandike hivyo?" anauliza, kifua mbele. "Thubutu!"