Masale Yangu Kwenye Mikebe ya Rangi

Mwaka ule tulikula mbegu. Mvua ilikuwa imetukwepa misimu miwili, ghala limebaki vumbi. Nikachukua mahindi ya kupanda, yale yaliyopakwa dawa nyekundu, nikayaosha mara tatu nikayachemsha. Nilijiona mjanja. Alasiri binti yangu wa miaka sita alikuwa anatapika mpaka macho yanageuka. Nikamfunga mgongoni, nikateremka naye kwa njia ya miguu mpaka kwa masista.

Wakati huo zahanati yao ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na sista mmoja mzee aliyenifokea huku anahangaika na mtoto. "Umempikia sumu, mama!" Nilistahili. Mtoto akapona.

Sista alipotaka mahali pa kujenga chumba cha kuzalishia, nilimkatia kipande cha shamba langu. Mashemeji wakanuna, na wamenuna mpaka leo. Sharti langu lilikuwa moja: njia ya miguu ibaki palepale, maana wajawazito wa kule juu hawana nyingine ya karibu. Tukapanda masale kandokando ya njia, huku na huku. Kwetu Taita, masale yakishapandwa ni mpaka, na mtu mwenye akili zake hayagusi.

Basi zahanati ikakua. Nisidanganye, nilijivuna. Maabara, wodi, sola juu ya paa. Binti yangu akasomea uuguzi akarudi kufanya kazi pale. Mkaza mwanangu naye aliteremka na njia hiyo uchungu umeshamkaba. Hakumaliza hata kuvua viatu, mjukuu wangu analia. Kwa barabara ni mwendo wa saa nzima. Angezaliwa mchangani, mjukuu wangu!

Lakini kila ikikua, inanisukuma. Mara ukuta, mara geti, mara askari wa kuniuliza mimi naenda wapi. Mimi! Sista mzee akahamishwa, akaletwa mwingine, kijana, mtu wa bara. Si mbaya, kazi anaijua. Ila mwaka huu nilienda kupimwa presha nikakuta masale yangu mlangoni, yamepandwa kwenye mikebe ya rangi, yamepangwa kama maua ya harusi.

"Nyanya, umeona yalivyopendeza?" sista akaniuliza. "Huko nyuma yalikuwa yanaharibika tu."

"Sista, huo ni mpaka."

"Mpaka? Haya majani?"

Akina mama kwenye benchi wakainamisha vichwa. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Kumbe walikuwa wanasafisha pale ili wamalizie ukuta. Njia ifungwe, kila mtu azungukie getini. Na aliyetumwa kwangu palepale mlangoni na karatasi ya kukubali na kidau cha wino ni nani? Binti yangu mwenyewe, na sare yake nyeupe.

"Mama, weka kidole tu. Betri za sola zimeibwa mara mbili, na wezi wanapitia hapo."

"Wekeni mlango na askari."

"Hakuna mtu wa kukaa hapo."

"Wa kuniuliza mimi naenda wapi yupo."

"Mama, unaniaibisha kazini."

"Aibika. Mke wa jirani yangu kule juu mwezi wake ni huu. Azunguke saa nzima ameshika tumbo, kwa sababu ya betri?"

"Tutamtumia bodaboda."

"Bodaboda! Wewe ni muuguzi au ni kichaa? Hiyo njia haifungwi."

Nikang'oa masale yangu mkebe mmoja baada ya mwingine, udongo ukamwagika kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Hakuna aliyethubutu kunishika. Nikayabeba kikapuni nikaenda kuyarudisha ardhini, mgongo unaniuma, na presha yenyewe haijapimwa. Sista akanifuata mpaka kule, viatu vimejaa vumbi, karatasi mkononi.

"Nyanya, tuelewane. Hii zahanati ni yako pia."

Sikuinua hata kichwa. Nilishindilia udongo kwa kisigino nikamwambia nilichomwambia binti yangu:

"Hiyo njia haifungwi."