Kabla Hujaliongezea Gari Nguvu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa inanirudia kila nikisikia gari la dizeli likipanda mlima kwa kelele. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa bado msichana mwenye mikono ya kunyanyua makreti. Nimesikia umenunua gari kuukuu la dizeli, lenye turbo, na sasa unatafuta intakula, kile kifaa cha kupoza hewa inayoingia kwenye injini, ya kulifungia ili lipate nguvu zaidi. Umeuliza kama ni kweli kwamba hata mimi niliwahi kufanya hivyo. Ni kweli. Sina la kukukataza. Nataka tu ujue yaliyotupata mimi na ndugu yangu Muli.

Tulikuwa tukiishi Kangemi, Nairobi, mimi na yeye, kila mmoja na chumba chake katika ploti moja ya vyumba vya kupanga. Wazazi walikuwa wamebaki Machakos. Muli alikuwa mdogo wangu, mchangamfu, asiyependa kungoja kitu. Biashara yetu ilikuwa mboga. Tulikuwa tukichukua letasi, brokoli na maharagwe machanga kwa wakulima wa Naivasha na kuyaleta katika hoteli moja kubwa ya katikati ya mji. Nyumba chache za Kileleshwa nazo zilinunua kwetu, lakini hoteli ndiyo iliyotulisha.

Gari letu lilikuwa la mizigo, la Kijapani, la dizeli na lenye turbo kama lako, lililokwisha kutumiwa na watu wengine kabla yetu. Kwenye tambarare halikuwa na tatizo. Shida ilikuwa pale unapotoka Mai Mahiu na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru. Ule mlima ni mrefu, hewa inazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda, nasi tulikuwa tumejaza mzigo hadi paani. Gari lilikuwa likitambaa. Malori yalitupita. Jua likipanda juu, letasi zilianza kulegea, na mtunza stoo wa hoteli alikuwa mtu wa kubonyeza kila jani kwa vidole. Alikuwa ameshatuonya kwamba kuna watu wengine wanaoleta mboga mapema kutushinda.

Muli ndiye aliyesikia habari za intakula. Basi tukaenda kwa Mzee Kartar, fundi aliyekuwa na gereji yake karibu na Kirinyaga Road. Alikuwa Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Nairobi, mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe, na alikuwa akizungumza Kiswahili kama sisi watu wa mjini. Nilimwambia shida yetu. Nilitarajia aniulize kuhusu injini. Akaniuliza hivi:

"Binti, hii gari ikishuka huko Mai Mahiu, inasimama vizuri?"

Nilimwambia breki zipo, ila lazima uzikanyage mapema. Akatikisa kichwa. Akasema hafungi kitu chochote cha kuongeza nguvu kwenye gari linalosimama hivyo. Kwanza breki. Baada ya breki, rejeta inayopoza maji ya injini, kwa sababu intakula ingekaa mbele yake na kuizibia upepo. Baada ya rejeta, mipira yote ya hewa iliyochakaa. Muli alinung'unika njia nzima tulipokuwa tukirudi. Alisema mzee anatafuta kazi zisizokuwepo. Mimi pia sikufurahi, kwa sababu hayo yote yalimaanisha majuma mengine ya kutambaa, lakini nilikubali. Aliyekuwa akiendesha mara nyingi ni mimi, na ule mteremko niliujua.

Kazi ilipofika kwenye intakula yenyewe, mzee alituita tuangalie. Ilikuwa kama rejeta ndogo, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa. Baada ya kuifunga alitutuma tukazunguke mjini na gari, na tuliporudi akafungua boneti na kuniambia niguse bomba linalotoka kwenye turbo. Niligusa nikautoa mkono haraka. Kisha akaniambia niguse bomba la upande wa pili, lililokwisha kupita kwenye intakula. Lilikuwa vuguvugu tu. Akanieleza kwamba turbo inaposukuma hewa inaipasha moto, na hewa ya moto hutanuka, kwa hivyo ndani ya injini inaingia kidogo. Ukiipoza inajibana, inaingia nyingi, na dizeli inaungua vizuri. Kwenye pampu ya dizeli alikuwa amegeuza skrubu kidogo tu ili dizeli iongezeke kulingana na hewa. Akaweka na geji ya kuonyesha joto la moshi unaotoka kwenye injini, akaichorea alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe. Alisema mshale ukipita hapo, yaliyomo ndani ya injini yanaanza kuyeyuka, hata kama gari linakimbia vizuri.

Gari lilibadilika. Halikuwa la mashindano, mwanangu, usidanganywe na watu. Lakini mahali nilipokuwa nikipanda kwa gia ya pili sasa nilipanda kwa gia ya tatu, na letasi zilifika zikiwa bado na umande. Mtunza stoo aliacha kununa. Mimi niliridhika kabisa.

Muli hakuridhika. Yeye alikuwa amengoja gari la kupita kila mtu. Siku moja aliniambia analipeleka kuoshwa, nami sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Kumbe alilipeleka Dagoretti Corner, kwa fundi mmoja wa kando ya barabara, akamwomba aigeuze ile skrubu ya pampu zaidi. Yule fundi alifanya alichoombwa. Muli akarudi na gari safi, linang'aa, na hakuniambia neno.

Asubuhi iliyofuata tulipakia Naivasha, mimi nikashika usukani, yeye akakaa pembeni yangu. Tulipoanza kupanda kutoka Mai Mahiu nilishangaa. Gari lilikuwa likivuta kama halikubeba kitu. Nililipita lori, kisha lingine, na sitakuficha, nilifurahi na hata nikaanza kuimba. Muli alikuwa akitabasamu dirishani. Kisha nikaangalia kioo cha nyuma, nikaona barabara imefunikwa na moshi mweusi. Nikaangalia geji. Mshale ulikuwa umeipita ile alama nyekundu na bado ulikuwa ukipanda.

Niliinua mguu, mshale ukashuka. Nilipokanyaga tena ukaruka pale pale. Nilimuuliza Muli kama mzee alikuwa amegusa kitu. Akasema hapana, labda ni geji yenyewe imeharibika, tuendelee tu. Lakini alisema bila kunitazama, na mimi nilimlea yule kijana. Nilianza kulitoa gari barabarani.

"Dada, usisimame," akasema. "Tukichelewa leo, hoteli inatuacha."

"Umefanya nini kwa hii gari, Muli?"

Hapo akanieleza habari ya Dagoretti Corner.

Nilisimamisha gari kando, pale ambapo unaliona bonde lote chini. Muli alinyoosha mkono azime injini, nikamzuia. Mzee alikuwa ametufundisha kwamba turbo iliyotoka kazini huachwa izunguke pole pole kwanza, ipoe, ndipo uzime. Tukakaa hapo, injini ikinguruma chini chini. Mshale ulishuka, lakini joto la maji ya rejeta lilikuwa juu, nalo halikuwa na haraka ya kushuka. Muli alinisihi tena twende. Alisema letasi zinakufa. Nilikuwa naziona. Nilikuwa najua pia kwamba bila hoteli hiyo tungehesabu siku tu kabla ya kurudi Machakos mikono mitupu. Niliogopa, mwanangu. Lakini hoteli ukiipoteza unaweza kutafuta nyingine na gari lako. Ukiipoteza injini, utaitafuta hoteli kwa miguu?

Maji yalipopoa tulipanda kwa gia ya kwanza na ya pili, mguu juu ya pedeli kama unakanyaga yai. Tulifika mjini wakati wageni wa hoteli walikuwa wameshaanza kula chakula cha mchana. Mtunza stoo hakufungua hata kreti moja. Alituambia kwa upole kwamba wamepata mtu mwingine, tusirudi. Mboga tuliziuza sokoni Kangemi kwa bei ya kusikitisha, na zilizobaki tukawagawia majirani.

Kesho yake tulilipeleka gari kwa Mzee Kartar. Nilimwachia Muli aseme mwenyewe, akasema yote. Mzee hakupaza sauti. Alifanya kazi nusu siku, akairudisha skrubu mahali pake, akatuonyesha gasketi inayoziba injini ilipokuwa imeanza kuungua ukingoni. Alisema kilima kingine kimoja kama kile, naye angekuwa anatutafutia injini nyingine. Muli akaanza kuomba msamaha kwa ajili ya ile skrubu. Mzee akainua mkono kumnyamazisha.

"Skrubu ni kitu kidogo, mimi nimeirudisha," akasema. "Lakini huyu dada yako alikuwa anaendesha gari hajui ni gari gani. Wewe ulikuwa unajua, na ulikaa hapo kando yake ukinyamaza."

Muli alitazama chini. Hayo maneno yalimwingia kuliko hasira yangu yote ya njiani.

Hoteli haikuturudisha. Tulianza upya kwa kupita Kileleshwa nyumba kwa nyumba, geti kwa geti, tukiongea na walinzi na wafanyakazi wa ndani mpaka wenye nyumba wakatuzoea. Ilichukua muda mrefu na tulilala njaa zaidi ya mara moja. Lakini lile gari lilipanda ule mlima kwa miaka mingi, na intakula yake ile ile, na ndilo lililosomesha watoto wa Muli na wangu. Muli naye alibadilika kwa namna iliyokuwa ikinichekesha. Akiongeza upepo kwenye tairi, ananiambia. Akibadilisha balbu, ananiambia. Nilimwambia siku moja kwamba mengine anaweza kunyamazia, akasema hapana, dada, nitakuambia.

Kwa hivyo, mwanangu, funga intakula yako. Ni kitu kizuri, na gari kuukuu lililotunzwa linastahili. Lakini anza na breki, halafu kinachopoza, ndipo uje kwenye nguvu. Weka geji, na ukiiweka iamini hata siku ambayo haikupendezi. Ukiona mambo yanapita kiasi, simama mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa, na usione aibu kwa wanaokupita. Na zaidi ya hayo yote: ukibadilisha kitu kinachowabeba na wenzako, iwe ni gari, ni biashara au ni nyumba yako utakapooa, waambie kabla hawajashika usukani. Hilo halihitaji fundi.

Mungu akulinde kwenye kila mlima na kila mteremko. Akupe watu wa kusafiri nao watakaokuambia ukweli, nawe uwe mtu wa kuwaambia. Uende salama, na urudi salama.