Baba Yetu Mara Tatu

Habari ilimfikia Walburga akipakua supu ya shayiri: baba yake, fundi wa kofia za vita, amekutwa amekufa kigodani, kofia ya mteja kichwani, kinga ya uso imefungwa. "Nilidhani anasali," mumewe Utz, aliyekuwa naye karakanani, alijitetea. "Asubuhi nzima, Utz? Mzee huyu naye, hata kufia kitandani ameshindwa!"

Kila kofia mzee aliijaribu hivyo. Aliivaa, akaifunga mpaka shingoni, akasali Baba Yetu mara tatu kwa sauti. Akitweta kabla ya amina, alitoboa matundu mengine, upande wa kulia tu, maana mkuki wa adui hugonga kushoto. Kisha alipapasa kila tundu kwa kidole cheusi, akitafuta ncha ya kukwaruza. "Baba, chakula kinapoa!" "Na atakayekosa pumzi humu, mwanangu, umempikia nini?" Supu ngapi zilipoa, Mungu ndiye ajuaye.

Walburga aliivua ile kofia mwenyewe, akamfuta baba masizi usoni. Kesho yake, kaburini, padri aliianza Baba Yetu mbiombio. "Polepole, padri," Walburga akamkatiza. "Na iwe mara tatu." Wakaisali mara tatu, polepole, kisha wakamfukia.